Je, Wajua? Kipaji Hakigombani na Nota

Je, wajua kwamba wimbo wa taifa wa Kenya ulizaliwa pale kipaji cha sikio kilipokutana na elimu ya muziki? Lahani yake ilitoka katika wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, Wapokomo wa Mto Tana, mto uo huo unaopita kaskazini mwa Mwingi, Ukambani. Mwaka 1963 tume ya watu watano, wakiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, iliupangia sauti na kuuandika, hata bendi na kwaya ambazo hazikuwahi kuusikia zikaweza kuupiga.

Wapo wanaodai kwamba nadharia ya muziki huua ubunifu, na mifano wanayo: Paul McCartney wa Beatles hasomi nota, na wapiga ngoma ya kilumi Ukambani hurithishana midundo kwa kusikiliza. Mifano hiyo yaonyesha tu kuwa nadharia si sharti la kutunga. Haionyeshi kuwa inadhuru. Mozart alitunga akiwa mtoto, akafundishwa na babake, na kipaji hakikufifia. Ni kweli nota za Kizungu haziwezi kunasa kila mdundo wa kilumi. Lakini nadharia ni pana kuliko nota: mpiga ngoma anayejua mahali pa kuingia na pa kunyamaza tayari anayo, ila haijaandikwa. Kwa hiyo kijana wa Mwingi mwenye kipaji asitupe sikio lake. Aliongezee maarifa, ili kazi yake ipigwe hata asipokuwepo.