Kutia Muziki Garini

Gari lishushwapo katika bandari ya Kilindini, likiwa limekwisha kutumika miaka kadhaa huko Japani kabla ya kuuzwa kwetu, huja na redio nzuri isiyoyajua masafa ya nchi hii. Kwani redio za kule kwa miaka mingi ziliundwa kunasa mawimbi ya FM tangu megahezi 76 hadi 90, na nyingi za karibuni hadi 95, ilhali vituo vyetu vimetandaa baina ya 87.5 na 108, na kwa hiyo mwenye gari, hata awe mtu asiyeshughulika na muziki kabisa, hujikuta siku za mwanzo amesimama mbele ya kibanda cha fundi wa redio. Fundi akiwa mpole atamtilia kidude baina ya eriali na redio, cha kuyashusha mawimbi kwa megahezi 12 au 15 au 20, hata kituo cha 100 kikasomeka katika kioo kuwa ni 88. Nacho chafaa, ila hakiwezi kuyaeneza masafa yote, na daima huacha vituo kadhaa visivyosikika. Fundi akiwa mfanyabiashara atasema redio hii haifai, tuing'oe. Hapo ndipo maradhi yaanzapo, maana mwenye kubadili redio aghalabu hubadili na spika, na mwenye kubadili spika haoni raha mpaka atie sabufa katika buti.

Mimi si katika wanaowalaumu watu hao, kwani muziki katika foleni ya Nyali saa kumi na mbili za jioni ni dawa. Lakini ninalo neno moja la kuwaambia, nalo ni kwamba gari kwa tabia yake ni adui wa muziki: umeme wake ni mchafu, mabati yake hutetemeka, injini yake hainyamazi, na kazi yote ya fundi hodari ni kuvipatanisha vitu hivyo na sauti, wala hapana duka liuzalo upatanishi huo ukiwa tayari ndani ya katoni.

Uadui wenyewe ni wa kale. Mwaka 1930 Paul Galvin, mwenye kiwanda kidogo cha vyombo vya redio mjini Chicago, alitia redio katika gari lake mwenyewe akaliendesha hadi Atlantic City, walikokutana watengenezaji wa redio wa Marekani, na kwa kuwa hakuwa na meza ya kuonyeshea bidhaa yake ndani ya ukumbi, alilisimamisha gari nje akaifungulia redio kwa sauti kubwa ili wapitao wasikie. Redio hiyo ndiyo iliyoitwa Motorola. Lililowasumbua watu wa zama zile kuliko yote lilikuwa cheche za plagi, kwani kila injini ilipowaka spika nayo ilikwaruza. Siku hizi cheche zimetulizwa, lakini alternata imeshika mahali pake: fundi mzembe akiulaza waya wa sauti ubavu mmoja na waya wa betri, mlio mwembamba kama wa mbu utapanda na kushuka kila dereva akanyagapo mafuta. Dawa yake haigharimu hata senti, nayo ni kuupitisha waya wa betri upande mmoja wa gari na waya wa sauti upande wa pili.

Tuseme basi kuhusu umeme, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Katoni ya amplifaya imeandikwa wati 1200 kwa herufi za dhahabu, na mnunuzi akaamini. Kumbe hizo ni wati za kilele, ambazo chombo huzifikia kwa kufumba na kufumbua, na wati za kudumu, zilizoandikwa kwa herufi ndogo katika kitabu au zisizoandikwa kabisa, hazifiki hata nusu yake. Redio yenyewe pia, iliyoandikwa wati 50 kwa kila spika, hutoa 20 hivi kwa kudumu. Lakini tuchukue amplifaya ya kweli, yenye wati 500 za kudumu, ya namna ile mpya isiyopoteza umeme mwingi kwa joto: ikiwa sehemu 80 katika 100 za umeme iupokeao hugeuka sauti, basi itadai wati 625, na kwa volti 13.8 za gari linalonguruma hizo ni ampea 45. Waya mwembamba wa redio ya kiwandani, ambao fyuzi yake ni ya ampea 10 au 15, hauwezi kuubeba mzigo huo; yapasa uvutwe waya mpya kutoka betri yenyewe, wa shaba, wenye unene wa milimita mraba 20 hivi.

Nimesema wa shaba, na nasisitiza. Madukani upo waya wa alumini uliopakwa shaba juu juu, mnene kwa ngozi yake ya plastiki, mzuri wa rangi, na bei yake humfurahisha kila mtu. Lakini alumini hupitisha umeme kwa kadiri ya sehemu 60 tu katika 100 za shaba, na mwenye kutaka kuitambua ghiliba hiyo aukwaruze uzi mmoja kwa kisu, na akiona weupe ndani auache hapo hapo. Kisha fyuzi kubwa na ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu fyuzi hiyo haikuwekwa kuilinda amplifaya kama wengi wadhanivyo, bali kuulinda waya: ikiwa mbali, na ule waya ukachubuka pale unapopenya ukuta wa chuma wa injini bila ya mpira wa kuukinga, hapana kitakachouzuia moto.

Waya wa hasi ndio udharauliwao kuliko wote. Fundi huufunga katika skrubu yoyote aionayo, juu ya rangi, kisha akashangaa sauti inakatika. Rangi na ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, waya uwe mfupi, usizidi nusu mita, ukazwe kwa nati, na juu yake papakwe grisi. Maana sisi tunaokaa pwani hatuwezi kusahau kwamba hewa yetu ina chumvi, na kiungo kilichokazwa vizuri katika kaskazi chaweza kuwa kutu kabla ya kusi kumalizika.

Huuzwa pia kapasita, mtungi wa kung'aa wenye taa za buluu, kwa watu ambao taa za gari lao hufifia kila besi ipigapo. Taa zikififia, betri imechoka au alternata haitoshi. Mtungi ule si betri.

Katika milango, ambamo spika za inchi sita na nusu hukaa, adui si umeme bali ni bati. Spika isukumapo hewa mbele huivuta nyuma wakati ule ule, na mlango uliojaa matundu huyaacha mawimbi mawili hayo yakutane na kuuana, hata besi ikapotea bila ya spika kuwa na kosa. Kwa hiyo matundu makubwa huzibwa na bati hubandikwa mikeka ya mpira mzito yenye foili, ila vile vijitundu vya chini vya kutolea maji ya mvua visiguswe, la sivyo mlango utaoza. Lipo na jambo la chanya na hasi: spika mbili zikifungwa kinyume, moja itasukuma ilhali nyingine inavuta, na matokeo ni yale yale. Wazee wa kazi hujaribu kwa betri ndogo ya tochi, wakaigusa spika mara moja tu. Ikitoka nje, waya wa chanya umejulikana.

Sabufa nayo si kitu pasi na kasha lake. Kasha lililofungwa kabisa, la ubao wa MDF wa milimita 18, lenye nafasi ya lita 30 hivi kwa sabufa ya inchi 12, hutoa besi fupi na safi. Kasha lenye tundu la hewa huhitaji nafasi karibu maradufu, nalo hupiga kwa nguvu zaidi lakini besi yake hukawia kunyamaza. Wenye matatu hulipenda hili la pili, na kwa kazi yao wana haki. Mimi hupimia taarabu, ambayo udi na kanuni yake ni kazi ya milango, na besi kubwa ya kusimama, ambayo kamba yake nene kabisa hutetemeka mara 41 kwa sekunde, ni kazi ya buti: nikiisikia kamba yenyewe nashukuru, nikisikia kasha tu najua nimeuziwa mbao. Santuri za mwimbaji Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, karibu hazina kitu cha kuipa sabufa, na hilo halikuzipunguzia chochote.

Mwisho wa kazi ni kurekebisha, na hapa ndipo mafundi wengi hufanya haraka kwa kuwa mteja mwingine amekwisha kufika. Sauti zote za chini ya hezi 80 zipelekwe kwa sabufa na za juu yake zibaki milangoni, kwani chini ya hapo sikio halijui sauti yatoka upande gani, na besi iliyomo butini itasikika kama imetoka mbele pamoja na mwimbaji. Kile kifundo cha amplifaya ambacho watu hukizungusha hadi mwisho si cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na redio, na kikizidi, wimbi hukatwa vichwa na spika ikaungua ingawa wati zake zinatosha. Fundi mwenye mita huipigia redio mlio wa hezi 50, kwa robo tatu ya sauti yake, spika zikiwa zimechomolewa, akakizungusha kifundo polepole mpaka mita isome anachokitaka: kwa wati 500 na omu 2, ni volti 31 na kidogo.

Kuhusu ukubwa wa sauti, Kenya inazo kanuni za mwaka 2009 juu ya kelele na mitetemo iliyokithiri, na kila apitaye barabarani anajua zinavyotiiwa. Lakini sikio lina kanuni zake lisizozibadilisha kwa hongo: kipimo kitumiwacho na wengi katika afya ya wafanyakazi huruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezwa 3 muda hukatwa nusu, hata katika 94 ikabaki saa moja. Makanga wa matatu hufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku mgongo wake ukiwa karibu na sabufa. Simu za leo zina programu ya kupimia desibeli, isiyo sahihi kwa hakimu lakini yamtosha mwenye gari. Na akiiweka juu ya kiti cha nyuma, akakuta imesoma 100, basi kwa hesabu hiyo hiyo abiria wake wana dakika 15.