Seva ikikosa kuiona diski, usikimbilie kuifuta

SEVA ni tarakilishi inayohifadhi faili na kuzigawia tarakilishi nyingine za ofisi. Katika shule, zahanati au chama cha akiba na mikopo, huenda ndiyo pekee inayobeba rekodi za karo, za wagonjwa au za michango ya wanachama. Ndiposa wenye ofisi hushikwa na hofu wakati fundi anaposakinisha mfumo mpya wa uendeshaji, kisha skrini ikatangaza kwamba hakuna diski iliyopatikana.

Wengi hukata kauli papo hapo kwamba diski imekufa. Wengine huamua kufuta kila kitu na kuanza upya. Aghalabu uamuzi huo ni wa pupa. Ujumbe huo unamaanisha tu kwamba programu ya kusakinisha haiioni diski. Hauthibitishi kwamba diski ni mbovu.

Kabla ya lolote, nakili rekodi. Iwapo mfumo wa zamani ungali unawaka, rudi kwake na uhamishe faili zote hadi kwenye diski ya nje. Kisha fungua nakala hiyo kwenye tarakilishi nyingine ili kuhakikisha inasomeka.

Hatua inayofuata ni kuingia katika menyu ya BIOS, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe maalumu pindi seva inapowashwa. Ikiwa diski haionekani hata huko, chunguza vifaa vyenyewe. Zima seva, chomoa waya wa umeme, kaza kebo za diski na uhakikishe imeketi vyema mahali pake. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga isiendelee kuwashwa, kwa kuwa kila dakika huenda ikaidhuru zaidi.

Iwapo menyu hiyo inaiona diski ilhali programu ya kusakinisha haiioni, mshukiwa mkuu ni draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa. Katika seva nyingi, diski kadhaa huunganishwa kwa kadi ya RAID inayozifanya zionekane kama diski moja. Bila draiva ya kadi hiyo, mfumo hauoni chochote nyuma yake. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa seva, iweke kwenye flashi, kisha uielekeze programu ya kusakinisha kwenye flashi hiyo. Enzi za Windows Server 2003, fundi alilazimika kubonyeza F6 na kutumia diski ya flopi. Tangu toleo la 2008, flashi hukubaliwa.

Hapa pana mtego. Menyu ya kadi ya RAID humruhusu fundi kuunda kundi jipya la diski. Kwenye seva mpya hatua hiyo mara nyingi huhitajika, lakini kwenye seva yenye rekodi huenda ikaziangamiza zote.

Huenda pia diski ikaonekana, ila usakinishaji ukakataliwa. Diski hupangwa kwa mtindo wa MBR au GPT. Windows Server ikisakinishwa kupitia UEFI hudai GPT. Kupitia BIOS ya zamani hudai MBR, ambayo kwa kawaida haivuki terabaiti 2. Mara nyingi inatosha kuiwasha upya flashi ya kusakinisha kwa njia inayolingana na mpangilio wa diski, pasipo kuifuta.

Usakinishaji ukianza kisha ukakwama katikati, jaribu kwanza flashi nyingine, kwani faili zake huenda zimeharibika. Baadaye soma taarifa za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Kwenye Linux, amri ya smartctl huzionyesha. Idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ikizidi kupanda, hapo ndipo inapofaa kununua diski nyingine.

Fauka ya hayo, kuwa na RAID si sawa na kuwa na nakala ya akiba. RAID husaidia diski moja inapokufa, lakini faili ikifutwa hutoweka kwenye diski zote kwa pamoja. Seva inaweza kununuliwa tena. Daftari la michango ya miaka 10 halina duka. Kwa hivyo, fundi akikuomba ruhusa ya kufuta diski, muulize kwanza nakala iko wapi, na umtake akufungulie faili moja uione.