Udongo Kwanza, Klorini Baadaye

Wakati wa masika, sakafu za zahanati nyingi hujaa nyayo za udongo wa mfinyanzi. Aghalabu mhudumu humwaga klorini moja kwa moja juu ya tope, akiamini kwamba vimelea vya maradhi vimekwisha kufa. Imani hiyo ni ya hatari, na sababu yake imo katika maumbile ya udongo wenyewe.

Chembe ya mfinyanzi haizidi milimita 0.002 kwa upana, nayo ni bapa. Uso wake una chaji hasi, sawa na ule wa nyuzi za pamba zikiwa majini. Kwa kuwa chaji zinazofanana husukumana, tungetarajia udongo ubanduke kwa urahisi. Kinachouzuia ni kalisi na magnesi zilizomo katika maji magumu. Madini hayo yana chaji chanya, hivyo huwa daraja kati ya chembe na nguo. Ndiyo pia yanayoifanya sabuni ya mche igande badala ya kutoa povu.

Sabuni ya unga imeundwa kukabili tatizo hilo. Baadhi ya viambato vyake huyafunga madini, na daraja huvunjika. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta: mkia hushika uchafu, kichwa huuvuta majini. Kusugua hukamilisha kazi, na maji ya kusuuzia huuondoa uchafu kabla haujatua tena.

Klorini haina uwezo huo. Hata wekundu wa udongo haiuondoi, kwa kuwa rangi hiyo hutokana na oksidi ya chuma. Zaidi ya hayo, damu, usaha na mboji huidhoofisha, na vimelea hujisitiri ndani ya tope.

Basi, sugua kwanza kwa maji na sabuni, kisha suuza. Ndipo upake klorini ya asilimia 0.5 na kuiacha kwa dakika 10 kabla ya kufuta. Kamwe usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia, kwani hewa itokayo hudhuru mapafu.

Nawe mgonjwa, kidonda kilichoingia udongo usikitie sabuni ya unga wala klorini, kwani huunguza nyama hai. Kioshe kwa maji safi mengi yanayotiririka, kisha uwahi kituo cha afya ili upimwe haja ya chanjo ya pepopunda.