Keshia kapungua, gawio limepanda: namna ya kusoma hesabu za benki

Mwekezaji mdogo aliyenunua hisa za NMB mwaka 2008 kwa Sh. 600, au za CRDB mwaka 2009 kwa Sh. 150, leo hana sababu kubwa ya kulalamika. Wa CRDB walionja miaka ya bei kushuka chini ya hapo, lakini waliovumilia wamepata chao. Mwekezaji huyohuyo akimtuma mwanawe mwenye stashahada ya uhasibu kuomba kazi ya dirishani katika benki hizohizo, jibu huwa gumu. Wengi huyachukulia haya kuwa mambo mawili tofauti, kumbe yanatoka katika hesabu moja.

Benki zilipotaifishwa Februari 1967 na NBC kuundwa, kazi ya karani wa benki ilikuwa kazi ya heshima. Alipokea kitabu cha akiba, akalinganisha saini, akafungua leja, akaandika, akapiga muhuri na kuhesabu noti. Mteja alisubiri kwenye benchi. Juni mwaka huohuo, huko Enfield, kaskazini mwa London, benki ya Barclays ilifungua mashine ya kwanza ya kutolea fedha ukutani. Huku kwetu ni wachache waliokuwa na habari.

Mwaka 2003 wachumi watatu wa Marekani, David Autor, Frank Levy na Richard Murnane, walieleza kwa nini karani yule ndiye aliyekuwa hatarini. Kompyuta, walisema, huchukua kazi inayoweza kuandikiwa kanuni hatua kwa hatua, iwe ya ofisini au ya kiwandani. Kiwango cha elimu ya mfanyakazi si kinga. Kufagia chumba chenye viti vilivyovurugika hakuna kanuni inayotosha. Kuamua kama mfanyabiashara wa mahindi apewe mkopo wa mamilioni nako hakuna. Kulinganisha saini na kutoa salio kunayo. Kwa hiyo kazi za chini hubaki, za juu huongezeka, na za katikati ndizo huliwa. Maarten Goos na Alan Manning waliona sura hiyohiyo Uingereza, katika takwimu za kuanzia mwaka 1975.

Ndani ya tawi la benki jambo hilo linaonekana kwa macho. Mlinzi yupo na mfagizi yupo. Makao makuu wanatafutwa mafundi wa mifumo na wachambuzi wa mikopo, na wanalipwa vizuri. Karani wa leja hayupo tena, wa hundi ni wa kutafuta, na keshia wamebaki wachache.

Hata hivyo, mashine peke yake haifukuzi mtu. Mtafiti James Bessen alionyesha kwamba Marekani, kati ya mwaka 1988 na 2004, tawi la mjini lilipunguza makeshia kutoka 20 hivi hadi 13. Lakini kwa kuwa tawi lilikuwa rahisi zaidi kuliendesha, benki zilifungua matawi mengi zaidi, na jumla ya makeshia haikuporomoka. Kilichobadili mambo baadaye ni simu. Mteja anayemaliza shughuli zake mkononi hahitaji tawi, na tangu mwaka 2010 idadi ya makeshia huko imekuwa ikishuka.

Afrika Mashariki haikupitia hatua ile ya katikati kwa urefu huo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na mwaka 2013 Benki Kuu ilitoa mwongozo wa wakala wa benki. Dirisha likahamia dukani, kati ya mifuko ya sukari na vocha. Huduma imefika vijijini ambako tawi lisingefika, na hilo ni jema.

Ila ajira yenyewe imebadilika sura. Keshia alikuwa na mshahara, mchango wa pensheni, na barua ya mwajiri iliyomwezesha kukopa. Wakala huleta mtaji wake mwenyewe, hununua floti, na hulipwa kamisheni kwa kila muamala. Noti ya bandia ikimpita, hasara ni yake. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, wateja wengi walirudi kwenye fedha taslimu na kamisheni ikanywea. Septemba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Mwenye mshahara asingeuona mtikisiko huo katika mfuko wake wa mwisho wa mwezi.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa kawaida anapoguswa. Karani wa mshahara ndiye aliyenunua friji kwa awamu, akalipa ada ya mtoto kwa wakati, akaanza msingi wa nyumba kwa mkopo wa kazini. Wakala hununua kwa siku: robo kilo, nusu lita, mafuta ya kupima. Duka lililojaza bidhaa za kulipia kidogo kidogo kwa kutegemea tarehe za mishahara linapaswa kuangalia upya wateja wake ni akina nani.

Kwa mwenye hisa, ushahidi unachapishwa kila robo mwaka. Benki za Tanzania hutoa hesabu zake gazetini, na wengi husoma faida halisi na kufunga ukurasa. Washuke chini kidogo. Katika gharama zisizo za riba kuna mstari wa mishahara na marupurupu, na karibu yake mstari wa ada na kamisheni zinazolipwa. Wa kwanza ukipanda polepole kuliko mapato huku wa pili ukikimbia, huenda kazi inahama kutoka dirishani kwenda kwa mawakala. Chini zaidi huandikwa idadi ya wafanyakazi na idadi ya matawi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha linganisha na robo kama hiyo ya mwaka uliopita. Ni hesabu ya dakika mbili, na kikokotoo cha simu kinatosha.