Aliyesema ni Nani, na Nani Anadhamini?

Dalali wa ploti Kitengela akimwambia mnunuzi, "Hati iko tayari," mnunuzi akifika nyumbani husema, "Yule dalali alisema hati iko tayari." Kitenzi hakikuguswa. Mtoto wake, akipewa sentensi hiyo hiyo katika somo la Kiingereza, anatakiwa aandike "He said the title deed was ready". Akiacha "is" anapigwa alama nyekundu. Usemi halisi na usemi wa taarifa hufundishwa hivyo shule nyingi, kama zoezi la kubadilisha maneno: leo iwe siku hiyo, kesho iwe siku iliyofuata, hapa pawe pale. Mwanafunzi anakariri orodha bila kujua inamsaidia nini. Kazi halisi ya kanuni hii, kwa maoni yangu, ni kuonyesha nani anadhamini maneno yanayosimuliwa.

Ile "was" haimaanishi kwamba hati haipo tena. Inaiacha kauli kwa dalali, siku aliyoitoa, na msimulizi hajaidhamini. Anayeandika "He said the title deed is ready" naye hajavunja sarufi. Anaongeza tu kwamba, kwa kadiri anavyojua, hata sasa mambo ni hayo. Kiswahili hakina haja ya kurudisha wakati nyuma, kwa sababu kina njia nyingine za kujitenga na kauli ya mtu. Tunasema "alidai", au tunatia "eti" mbele, na msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba msemaji hamdhamini yeyote. (Akina mama sokoni wanaijua "eti" kuliko mwalimu yeyote wa sarufi.)

Historia ya Kajiado, kaunti ilimo Kitengela, ina mfano mzito zaidi. Mkataba wa 1904 kati ya Waingereza na Wamaasai uliwaachia Wamaasai hifadhi mbili, ya Laikipia kaskazini na ya kusini, ambamo Kajiado ya leo imo, na ukaahidi kwamba makubaliano hayo yangedumu maadamu Wamaasai wapo. Laibon (kiongozi wa kiroho) Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana, alifariki mwaka 1911. Maofisa wa serikali ya kikoloni waliripoti kwamba kabla ya kukata roho aliwaagiza watu wake waitii serikali, na wale wa Laikipia wahamie kusini. Mkataba mpya ulitiwa saini mwaka huo huo, na watu na mifugo wakahamishwa. Mwandishi akiandika "Olonana aliwaagiza wahame", ameshatoa ushahidi mwenyewe. Akiandika "maofisa waliripoti kwamba aliwaagiza", msomaji anaona mara moja kwamba maneno ya marehemu yametufikia kupitia kwa watu waliokuwa na haja ya ardhi ile.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza hurudisha wakati nyuma kwa mazoea tu, na kwamba mara nyingi msemaji hana shaka yoyote moyoni. Ni kweli, nami sidai kwamba kila "was" ni dalili ya shaka. Lakini pale ambapo lugha inaruhusu "is" na "was" zote mbili, kuchagua moja ni kusema jambo. Pingamizi la walimu ni la mtihani: msahihishaji anataka kanuni. Basi na ifundishwe, ila pamoja na sababu yake, maana mtoto aliyeelewa sababu hana haja ya kukariri orodha.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kanuni ya Kiingereza imeshahamia hata kwenye somo la Kiswahili. Vitabu vya shule humwelekeza mwanafunzi ageuze "-ta-" kuwa "-nge-", hivi kwamba "Nitalipa kesho" inakuwa "alisema angelipa siku ambayo ingefuata". Mtihani unaipa alama. Lakini mpelekee mwenye nyumba habari kwamba mpangaji "alisema angelipa", naye atakuuliza: angelipa kama nini?