Nani Aliandika? Msuko na Deni la Utunzi katika Filamu ya Wasifu wa Joe Orton

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi huanza kufundisha tamthilia teule kwa maelezo mafupi kuhusu mtunzi: alizaliwa wapi, alisomea wapi na ameandika nini kingine. Baada ya hapo maisha hayo huachwa, au hugeuzwa kuwa ufunguo wa kila fumbo lililomo kitabuni. Makala haya yanachunguza filamu moja ya wasifu ili kuonyesha kwamba maisha ya mtunzi yanaposimuliwa huwa nayo ni utunzi. Yana msuko, yana mtazamo, na yapo yaliyoachwa nje.

Filamu yenyewe ni Prick Up Your Ears ya mwaka 1987, iliyoongozwa na Stephen Frears wa Uingereza. Mswada wake uliandikwa na Alan Bennett, ambaye mwenyewe ni mwandishi wa tamthilia. Aliutegemeza kwenye wasifu wa jina hilohilo ulioandikwa na John Lahr na kuchapishwa mwaka 1978. Filamu hii ni ya watu wazima. Tunaijadili kwa manufaa ya mwalimu, si kwa nia ya kuionyesha darasani.

Usuli wa kisa

Joe Orton alizaliwa Leicester mwaka 1933 katika familia ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Mwaka 1951 aliingia chuo cha sanaa za maigizo cha RADA jijini London, na huko akakutana na Kenneth Halliwell, aliyemzidi umri kwa takriban miaka saba. Halliwell alikuwa yatima, alikuwa na urithi kidogo, na alikuwa amesoma sana. Wakawa wapenzi na wakaishi pamoja hadi kufa kwao. Ifahamike kuwa mapenzi baina ya wanaume yalikuwa kosa la jinai nchini humo wakati huo. Sheria iliyolegeza katazo hilo Uingereza na Wales iliidhinishwa tarehe 27 Julai 1967, chini ya wiki mbili kabla ya kisa chao kufikia tamati.

Katika miaka ya 1950 waliandika riwaya kwa ushirikiano, wala hawakupata mchapishaji. Mwaka 1962 walifungwa miezi sita kila mmoja kwa kuiba na kuharibu vitabu vya maktaba ya umma ya Islington. Walikuwa wakibadilisha majalada kwa picha za kejeli na kuyarejesha rafuni ili kuwashangaza wasomaji. Gerezani walitenganishwa, na ilikuwa baada ya kifungo hicho ambapo Orton aliibuka kuwa mtunzi anayesimama peke yake. Entertaining Mr Sloane ilionyeshwa jukwaani mwaka 1964. Loot, ramsa inayokejeli polisi, dini na heshima za mazishi, ilianguka mwaka 1965 lakini ikafanyiwa marekebisho na kushinda tuzo ya gazeti la Evening Standard kwa mwaka 1966. Tarehe 9 Agosti 1967 Halliwell alimuua Orton kwa nyundo chumbani mwao, kisha akajiua kwa kumeza vidonge.

Msuko: kuanzia mwisho

Filamu haifuati mpangilio huu wa wakati. Inaanza na vifo, kisha inarudi nyuma kwa mbinu rejeshi. Athari yake ni muhimu. Hadhira haiulizi tena "nini kitatokea?" bali "ilikuwaje hata ikafika hapa?" Taharuki ya tukio inageuka kuwa taharuki ya sababu. Kila mzaha tunaoucheka tunaucheka tukijua uelekeako, na hapo ndipo kinaya cha kidrama kinapozaliwa.

Aidha, Bennett anaweka kisa ndani ya kisa. Lahr mwenyewe ni mhusika. Tunamwona akimhoji Peggy Ramsay, wakala wa Orton, na kuipata shajara ya marehemu kutoka kwake. Mkewe Lahr anamsaidia katika kazi hiyo, ilhali jina litakalokaa kwenye jalada ni la mume. Hivyo kisa cha nje kinakuwa kioo cha kisa cha ndani. Hata mwandishi anayechunguza dhuluma ya kutotambuliwa anaikariri nyumbani kwake bila kujua.

Halliwell: aliyechumia juani

Alfred Molina anamwigiza Halliwell kama mtu anayepungua kadiri mwenzake (Gary Oldman) anavyokua. Mwanzoni ndiye mwalimu: anamwelekeza Orton vitabu vya kusoma, anamsahihisha, anagharamia makazi. Mwishoni amekuwa mtunza nyumba asiyealikwa popote. Filamu, kupitia kwa Ramsay, inamlinganisha na mke wa kwanza aliyevumilia miaka ya dhiki, neema ilipoingia akaonekana hafai. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa mmoja alichumia juani na mwingine akala kivulini.

Je, dai hili lina msingi? Upo ushahidi. Jina Loot lilipendekezwa na Halliwell, na hata jina la filamu yenyewe, lenye maana ya "tega masikio", lilikuwa pendekezo lake. Hata hivyo, kupendekeza jina na kuhakiki rasimu si sawa na kuandika tamthilia. Riwaya walizoandika pamoja hazikufua dafu. Tamthilia za Orton zilifaulu. Filamu inaliacha deni hili wazi, na huo ni uaminifu wake. Wala haimwondolei Halliwell hatia. Kueleza chanzo cha uchungu si kuhalalisha mauaji, na mwalimu anapaswa kulishikilia jambo hili barabara.

Mandhari nayo inasema. Wanaishi katika chumba kimoja kidogo, kuta zikiwa zimebandikwa picha zilizokatwa vitabuni, kazi iliyokuwa hasa ya Halliwell. Huu ndio utunzi wake pekee unaoonekana, na umemzunguka kama kuta za jela.

Mwenye kalamu

Lakini kuna tatizo ambalo filamu haiwezi kulitatua. Chanzo kikuu cha miezi ya mwisho ni shajara aliyoiandika Orton kuanzia Desemba 1966 hadi Agosti 1967. Halliwell hakuacha shajara. Tunamjua kwa maneno ya mtu aliyekuwa akimchoka. Katika ujumbe aliouacha, Halliwell aliwaelekeza wasomaji kwenye shajara ya Orton ili waelewe kitendo chake. Hata maelezo yake ya mwisho yamo katika maandishi ya mwenzake. Kwa hivyo wasifu huu, hata unapojitahidi kumtendea haki asiyesikika, unategemea kalamu ya aliyesikika.

Umuhimu kwa mwalimu

Kwanza, mwanafunzi afundishwe kuuliza: maelezo haya ya mtunzi yametoka kwa nani? Pili, asiruhusiwe kuyafanya maisha kuwa jibu. Loot inachekesha kwa sababu ya ufundi wa mazungumzo na matukio, na ingechekesha hata kama Orton angezeeka salama. Tatu, suala la utunzi wa pamoja lijadiliwe wazi. The Trial of Dedan Kimathi (1976), tunayoijua kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, ina watunzi wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Hapa majina yote mawili yako kwenye jalada, na bado ni kawaida kuisikia ikitajwa kama kazi ya Ngũgĩ peke yake.

Hitimisho

Filamu inamalizika kwa majivu ya wawili hao kuchanganywa, jambo lililotendeka kweli. Katika majivu haiwezekani kubainisha lipi ni la nani. Katika vitabu, jina ni moja. Kazi ya mhakiki ni kuliheshimu jina hilo, kwa kuwa aliyeandika ameandika, na papo hapo kukumbuka kuuliza ni nani mwingine aliyekuwa chumbani.