AFYA NA ELIMU YA MTOTO MDOGO: KWA NINI ZIENDE PAMOJA

Katika mgawanyo wa kazi za Serikali, chanjo, uzito na dawa za mtoto ni shughuli ya sekta ya afya; nyimbo, hesabu na herufi ni shughuli ya sekta ya elimu. Mtoto mwenyewe hagawanyiki. Mwenye upungufu wa damu husinzia mbele ya mwalimu wake, na aliyepona maradhi lakini hazungumzishwi wala hachezeshwi huchelewa kusema. Makala haya yanaeleza yale ambayo nchi zinazoendelea, kikiwemo kisiwa cha Pemba, zimejifunza katika jambo hili.

India ilianza mapema. Tarehe 2 Oktoba, 1975 Serikali ya nchi hiyo ilizindua mpango wa kuunganisha huduma za watoto katika maeneo 33 ya majaribio. Kituo kimoja cha kijiji, kiitwacho anganwadi, kilipewa dhamana ya huduma sita: chakula cha nyongeza, elimu ya maandalizi, chanjo, uchunguzi wa afya, rufaa kwa wagonjwa, na mafunzo ya afya na lishe kwa kina mama.

Faida ya kuunganisha ilipimwa nchini Jamaica. Mjini Kingston, kuanzia mwaka 1986, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor walifuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kundi la kwanza lilipewa kilo moja ya maziwa ya unga kila wiki. La pili lilitembelewa nyumbani kwa saa moja kila wiki na mhudumu wa afya, aliyemwelekeza mama namna ya kucheza na mtoto kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. La tatu lilipata yote mawili, na la nne halikupata lolote kati ya hayo. Baada ya miaka miwili, waliopata yote mawili ndio waliowakaribia zaidi wenzao wasiodumaa. Miaka 20 baadaye, waliokuwa wakitembelewa walipata kipato kilichozidi cha wasiotembelewa kwa asilimia 25. Maziwa pekee hayakuacha athari hiyo.

Hapa Visiwani, utafiti uliofanywa Pemba na kuchapishwa mwaka 2001 ulihusu watoto 614 wasiotimiza miaka mitano. Waliopewa madini ya chuma kwa kiwango kidogo kila siku kwa muda wa mwaka mmoja waliendelea vyema zaidi katika lugha. Madini ya chuma mwilini yalipoongezeka, ulimi nao ulifunguka.

Hata hivyo, Pemba ilitoa pia onyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa, wakati malaria ilipokuwa imeenea, kuwapa watoto wote madini ya chuma pamoja na foliki asidi kuliongeza kwa asilimia 12 uwezekano wa kulazwa hospitali au kufariki. Lakini katika kundi lililofuatiliwa kwa karibu, ambamo malaria ilipimwa na kutibiwa, watoto waliokuwa na upungufu wa damu uliotokana na ukosefu wa madini hayo walifaidika. Dawa ilikuwa ile ile; tofauti ilikuwa ni huduma iliyoizunguka.

Kwa hiyo, mzazi asinunue dawa ya kuongeza damu dukani na kumpa mtoto kwa kukisia. Ampeleke kwanza kituo cha afya akapimwe. Mwalimu wa skuli ya maandalizi amwonapo mtoto amepauka viganja, anachoka upesi au hakui kama wenziwe, asimhesabu kuwa mvivu. Amjulishe mzazi na amshauri ampeleke kituoni. Mhudumu wa afya naye, baada ya kumpima mtoto uzito, amuulize mama kama mtoto anazungumzishwa na kuchezeshwa nyumbani.

Mambo hayo hayahitaji jengo jipya. Yanahitaji watumishi wa sekta mbili kuzungumza juu ya mtoto mmoja, na mzazi kushika kadi ya kliniki kwa mkono mmoja na daftari la mwanawe kwa mkono wa pili. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.